Nimemwaga bakteria mara mbili, mbona amonia haishuki?

*"Habari daktari. Mimi na mume wangu tuko Ruai. Tumefuga tilapia 300 kwenye matangi mawili ya lita 5,000 kila moja, ndani ya kivungulio. Sasa wana wastani wa gramu 50 na tunawapa gramu 600 za chakula kwa siku, kile cha protini asilimia 35. Maji yanatoka kwenye matangi, yanapita kwenye pipa la lita 200 lililojaa kokoto, kisha pampu inayarudisha. Matangi tunayajaza kwa maji ya kisima kirefu yanayoletwa na bauza, lile lori la maji. Kila asubuhi tunamwaga theluthi ya maji na kujaza mengine, na gharama inatumaliza. Hii ni wiki ya tano. Tukipima baada ya kubadilisha maji, amonia inasoma 4 na pH 8.2. Kila siku tunatoa samaki wawili au watatu waliokufa. Agroveti walituuzia unga wa bakteria wa kula amonia, tumemwaga pakiti mbili na hakuna kilichobadilika. Usafi tunazingatia: kila Jumamosi tunaosha kokoto kwa mpira wa maji ya mfereji hadi zinang'aa. Jirani anatuambia tutie magadi. Je, tuliuziwa bakteria feki? Tuongeze pakiti ya tatu? Na hao bakteria hawatadhuru watu wakila samaki?"*

Pole sana, dada. Samaki wawili au watatu kwa siku wanaonekana wachache, lakini mwezi ukiisha robo ya mfugo imekwenda, na hapo hujamlipa mwenye bauza.

Nikujibu kwanza kwa ufupi, halafu nieleze. Pakiti ya tatu usinunue. Magadi usitie kabisa. Wanaokula samaki hawana la kuogopa kutoka kwa bakteria hao. Na Jumamosi hii ikifika, huo mpira wa maji ukae mbali na kokoto.

Unga wa agroveti tutaufikia. Tuanze na hesabu, kwa sababu namba ulizoniandikia zinaeleza tatizo lenu vizuri kuliko mtu yeyote anayeweza kuja kuchungulia matangi yenu.

Wafugaji wengi wanaamini amonia inatoka kwenye mavi ya samaki na chakula kilichooza chini ya tangi. Ipo inayotoka huko, ila sehemu kubwa samaki huitoa kupitia matamvua, saa zote, muda wote anapomeng'enya protini. Ndiyo maana maji maangavu yasiyo na takataka hata moja yanaweza kuwa na amonia ya kuua. Kiasi chake hufuata chakula. Kilo moja ya chakula cha protini asilimia 35 huzaa takribani gramu 32 za amonia. Gramu zako 600, basi, zinazaa gramu 19 kwa siku. Zigawanye kwenye lita 10,000 na kila siku maji yako yanaongezewa miligramu 1.9 kwa lita.

Sasa tuseme kokoto zako hazifanyi kazi yoyote, na kinachoondoa amonia ni ile theluthi ya maji mnayomwaga asubuhi tu. Kiwango kitapanda siku baada ya siku mpaka kinachomwagwa kilingane na kinachoingia. Kitatulia kwenye 5.8 hivi kabla ya kubadilisha maji, na 3.9 baada ya kubadilisha. Nyinyi mnapima baada ya kubadilisha, na mnasoma 4.

Umeona? Pipa lenu, kwa hesabu hii, halifanyi chochote. Anayeondoa amonia ni bauza.

Hiyo 4 yenyewe nayo inahitaji kufafanuliwa, maana kipimo cha vitone husoma jumla ya aina mbili za amonia zinazokaa pamoja majini. Moja ina chaji na haimsumbui samaki sana. Ya pili haina chaji, inapenya matamvua kirahisi na kuingia kwenye damu, na hiyo ndiyo sumu. Uwiano kati yao huamuliwa hasa na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, na joto kidogo. Maji yakiwa na nyuzi 24 na pH 7.2, sumu haifiki hata asilimia moja ya jumla, kwa hiyo 4 yako ingekuwa na miligramu 0.03 hivi tu za sumu kwa lita na samaki wangeendelea kula. Kwa pH 8.2 sumu inakaribia asilimia 8, yaani miligramu 0.3. Tilapia huanza kupoteza hamu ya chakula kwenye 0.08, na kwenye 0.2 vifo vya kwanza vinaweza kuonekana. Wawili au watatu kwa siku ndicho hasa ningekitarajia. Na kumbuka alfajiri, kabla hamjabadilisha maji, hali ni mbaya zaidi ya hiyo mnayoiandika.

Hapo ndipo magadi ya jirani yanapokuwa hatari. Magadi hupandisha pH, na kwa haraka. Ukiitoa 8.2 ukaifikisha 9.2, jumla ya amonia itabaki 4 ileile kwenye kipimo, lakini sumu ndani yake itapanda kutoka 0.3 hadi karibu 1.8. Tilapia akiingizwa ghafla kwenye miligramu 2 hafiki mbali. Mngeamka mkute matangi yote mawili yameelea samaki. Jirani pengine alisikia mahali kwamba bakteria wanahitaji magadi, na kuna ukweli ndani yake nitakaoufikia, ila si kwa maji yenu ya leo. Nikichepuka kidogo: Ziwa Magadi lenyewe, mwendo wa saa chache kusini ya hapa, lina tilapia wake wadogo wanaoishi kwenye pH inayokaribia 10. Wanaweza kwa sababu hawatoi amonia kama wenzao. Wao wanatoa urea. Tilapia wako wa Ruai hawana ujanja huo.

Turudi kwa bakteria. Kinachobadilisha amonia si dawa. Ni viumbe hai, na makundi yao makuu ni mawili. Kundi la kwanza, ambalo Nitrosomonas ndiye anayetajwa sana, huchukua amonia na kuifanya nitriti. Kundi la pili, Nitrospira na Nitrobacter, huchukua nitriti na kuifanya nitrati, ambayo tilapia huvumilia hata ikipita miligramu 100 kwa lita. Sergei Winogradsky aliwatenga bakteria hawa maabara tangu miaka ya 1890, na mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba wamo Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao. Kwa hiyo si mambo mapya wala si siri ya kampuni yoyote. Wamejaa kwenye udongo wa shamba lako, na nitrati inayolishwa sukuma wiki huko ni kazi yao.

Wafikirie kama mfugo wa pili ndani ya mradi wako. Una tilapia unaowaona, na una hawa usiowaona, nao wanataka makao, hewa, joto na muda. Tofauti ni kwamba hawa huzaliana polepole mno. Bakteria wa kawaida wanaokula takataka wanaweza kujigawa kila nusu saa wakiwa na chakula cha kutosha. Hawa wa amonia wanachukua karibu siku nzima kujigawa mara moja, na maji yakiwa baridi wanapita hapo. Ndiyo sababu pipa jipya huchukua wiki nne hadi nane kukomaa. Ukilivuruga, saa inarudi mwanzo.

Na kila Jumamosi mnairudisha mwanzo.

Nasema bila kukulaumu, kwa sababu usafi ni jambo jema kila mahali pengine kwenye ufugaji. Lakini bakteria hawaogelei majini. Wamejishikiza juu ya kokoto, kwenye utando mwembamba wa rangi ya kahawia unaoteleza kidogo ukiugusa. Mkiosha hadi kokoto zing'ae, mmewang'oa. Waliosalia nao wanakutana na klorini, maana maji ya mfereji wa Nairobi hutiwa klorini makusudi ili yaue bakteria. Wiki tano zenu, kwa hiyo, ni wiki moja iliyorudiwa mara tano.

Mtu ataniuliza, je, kokoto zisioshwe milele? Zikiziba zioshwe, ila kwa maji ya tangi lenyewe: chota ndoo, tikisa taratibu kiasi cha kuangusha tope, mwaga, basi. Na usioshe zote siku moja. Utajua hali ya pipa kwa kidole na pua. Utando wa kahawia, mwembamba, wenye harufu ya udongo baada ya mvua, uache hivyohivyo. Ute mzito wa kijivu unaovutika na kunuka ni wale bakteria wengine wanaokula takataka. Wanawafunika wa amonia na kuwanyang'anya hewa. Kama huo ndio mnaouosha kila Jumamosi, dawa yake ni kuzuia mavi yasifike kwenye kokoto hata kidogo. Weka pipa la pili kabla ya hilo, maji yaingie polepole, uchafu utue chini, nawe uufungulie kila asubuhi. Kwangu mimi hilo pipa la kutulizia uchafu lina faida kuliko pakiti yoyote ya dukani.

Sasa, huo unga. Feki? Huenda si feki, ila huenda ni wa kazi nyingine. Geuza pakiti usome. Ukikuta jina Bacillus, hao ni bakteria wanaosaidia kuozesha tope na mabaki ya chakula. Wana uwezo wa kujifungia kwenye mbegu kavu na kukaa rafuni miezi mingi wakiwa hai, ndiyo maana wanauzika kama unga. Bakteria wa amonia hawana mbegu ya aina hiyo. Wakikaushwa wengi wao hufa. Wale halisi kwa kawaida huuzwa wakiwa kwenye maji, hutunzwa kwenye baridi na wana tarehe ya mwisho ya kutumika isiyo mbali sana. Mtu akikuuzia unga uliokaa kwenye rafu linalopigwa na jua na akakuapia kwamba unamaliza amonia kwa siku tatu, mwachie unga wake.

Hata wale halisi, hata hivyo, wangefia kwenye pipa lenu Jumamosi ya kwanza. Mimi kama natafuta mbegu ya bakteria naenda kwa mfugaji ambaye mfumo wake umekaa mwaka na samaki wake wana afya, namwomba ndoo moja ya kokoto au plastiki kutoka kwenye chujio lake. Zisafirishwe zikiwa na unyevu, zimefunikwa jua, zikiwa na maji kidogo tu ili hewa ipite, zifike siku hiyohiyo. Hatari yake ni magonjwa: ukichukua kokoto kutoka shamba lenye vifo visivyoeleweka, umejiletea vifo hivyo nyumbani. Uliza kwanza, na uombe kuona samaki wake wakila.

Kuna jambo jingine ambalo pengine hukutarajia. Pipa lenu hata likikomaa ni dogo. Mita moja ya mraba ya makao ya bakteria, kwa hali ya hapa kwetu, naihesabia gramu 0.3 za amonia kwa siku. Wapo watakaokupa namba kubwa zaidi, ila nyingi zimepimwa kwenye maji ya joto na vifaa vya bei. Gramu zako 19 zinahitaji mita za mraba 65 hivi. Kokoto za sentimita 2 hadi 4 zina kati ya mita 90 na 180 za mraba kwa kila mita moja ya ujazo, na wewe una moja ya tano ya mita ya ujazo, yaani mita za mraba 18 hadi 36. Nusu ya mahitaji, au theluthi. Na hapo samaki bado ni wa gramu 50. Wakifika gramu 300 mtakuwa mnawapa karibu kilo 1.8 kwa siku, nao watahitaji mita za mraba zipatazo 190.

Kuongeza mapipa ya kokoto inawezekana, lakini kokoto ni nzito, zinaziba, na kuzisafisha ni adhabu. Vile vipande vya plastiki vyenye vijigawanyo ndani vinavyotengenezwa kwa kazi hii, vile vinavyocheza majini kwa nguvu ya hewa, hubeba hata mita za mraba 500 kwa mita ya ujazo. Lita 400 za hivyo zingekutosha hadi kuvuna. Bei yake ni ya kufikiria mara mbili. Wengine hukusanya vifuniko vya chupa za soda na maji, wakavitoboa na kuvijaza kwenye mapipa. Vinafanya kazi, ingawa eneo lake ni dogo kuliko la plastiki maalumu, kwa hiyo usimwamini anayesema pipa moja la vifuniko linatosha. Vyovyote utakavyochagua, funika pipa. Bakteria hawa mwanga huwadhoofisha, na kifuniko pia huzuia mwani kuota juu yao.

Hewa. Hapa Nairobi ina hila yake. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi. Maji ya nyuzi 25 kule Mombasa yanaweza kushika zaidi ya miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Hapa yakijaa kabisa hayafiki 7. Samaki wanazigombania na bakteria nao wanazigombania: kila gramu moja ya amonia wanayoibadilisha inawagharimu zaidi ya gramu 4 za oksijeni. Ukisoma mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya pwani au nchi za nje ukanunua pampu ya hewa ya ukubwa ule ulioandikwa, umepungukiwa tayari. Weka mawe ya hewa kwenye matangi na uweke na kwenye pipa la bakteria. Ukiwa na kifaa cha kupimia, maji yanayotoka kwenye pipa yasishuke chini ya miligramu 4.

Stima ikikatika je? Samaki unaweza kuwapigia maji kwa ndoo wakavuka. Kwenye pipa lililosimama bakteria wanamaliza oksijeni iliyopo kwa muda mfupi, halafu wanaanza kufa na maji yanageuka yenye harufu ya mayai viza. Ikipita saa mbili au tatu, usiwashe pampu tu stima inaporudi. Fungua pipa chini, yamwage maji yote yaliyolala humo, ndipo uruhusu mzunguko. Wengi wamepoteza samaki dakika kumi baada ya stima kurudi, wakabaki kujiuliza kwa nini hawakufa gizani.

Na joto: hawa wanapenda nyuzi 25 hadi 30. Mwezi wa Julai usiku Nairobi hushuka nyuzi 10 hadi 12, na hata ndani ya kivungulio maji yakikaa nyuzi 18 kazi inazorota, kama vile tilapia naye anavyokataa chakula. Funika matangi usiku kwa nailoni, na ukianzisha mfumo mwingine siku za usoni, uanzishe Januari.

Nilikuahidi ukweli ulio ndani ya ushauri wa jirani. Bakteria wanapofanya kazi huzalisha asidi, na asidi hiyo hula akiba ya bikaboneti iliyo majini, ile inayoitwa alkalini. Kila gramu ya amonia hula gramu 7 hivi za alkalini. Kwa chakula chenu cha leo, pipa likikomaa, ni gramu 140 kwa siku. Akiba ikiisha pH huporomoka. Ikifika chini ya 6.8 bakteria wanazubaa, na karibu na 6 wanakaribia kusimama. Lakini maji ya visima virefu vya Nairobi kwa kawaida yana bikaboneti nyingi. Yakiwa na miligramu 200 kwa lita, hata mkipunguza na kubadilisha lita 1,000 tu kwa siku, mnaingiza gramu 200. Hamhitaji kuongeza chochote. Mngekuwa mnatumia maji ya mfereji, yale yanayoteremka kutoka mabwawa ya Ndakaini na Sasumua, ambayo ni laini, hapo ningekwambia uweke baking soda kidogo kidogo, na bado si magadi. Nunua kipimo cha alkalini, uiweke alkalini kati ya miligramu 100 na 150 kwa lita, uache kubahatisha.

Basi, kuanzia kesho. Siku mbili msiwape chakula. Hawatakufa njaa, amonia itapungua kwa sababu chanzo kimefungwa, na mwendelee kubadilisha maji kama kawaida. Siku ya tatu wapeni gramu 150, si 600. Pimeni kila jioni saa kumi na moja, siyo asubuhi tu, kwa sababu mwani unapandisha pH mchana na sumu inapanda nayo. Chakula kiongezwe pale tu amonia inapokaa chini ya 1 siku tatu mfululizo. Mtaona samaki wamechelewa kukua, na mtaumia moyo. Afadhali hivyo.

Baada ya wiki mbili au tatu amonia itaanza kushuka yenyewe na nitriti itapanda. Wengi hapa hufurahi mapema. Nitriti huharibu uwezo wa damu kubeba oksijeni, na samaki anakosa pumzi kwenye maji yaliyojaa hewa. Ukimfunua matamvua unakuta ya rangi ya chokoleti badala ya nyekundu. Chumvi humkinga, kwa kuwa kloridi yake huzuia nitriti kuingia kwenye matamvua. Kilo moja ya chumvi ya mawe kwenye lita zako 10,000, iliyoyeyushwa kwanza kwenye ndoo, inatosha kwa nitriti ya hadi 6 hivi. Utakuwa unaongeza kidogo kulingana na maji unayomwaga. Ila kama mtu amekushauri kuweka zeolaiti, madini ya kunyonya amonia, nayo ni msaada mzuri wa dharura, usiichanganye na chumvi. Chumvi huifanya iachilie amonia iliyoishika.

Kuna njia nyingine kabisa, ya kutia molasi majini ili bakteria wala takataka wachukue amonia na kuijengea miili yao ndani ya tangi. Inafanya kazi, haihitaji pipa, na tilapia huyala hayo mabonge madogo ya bakteria yanayoundwa. Lakini inakula hewa kupita kiasi, na kwa stima ya mtaani inayokatika bila taarifa, kosa la saa moja linaweza kumaliza tangi zima. Mwenye jenereta anaweza kujaribu. Wewe nakushauri ubaki na pipa, ulikuze, ulilinde.

Kuhusu walaji, bakteria wa amonia hawali nyama wala hawaishi mwilini mwa mtu. Chakula chao ni amonia na nitriti basi. Anayepaswa kuwa mwangalifu ni wewe unayeingiza mikono majini: ukiwa na kidonda vaa glavu, maana kwenye matangi ya samaki wapo bakteria wengine wanaopenya kwenye jeraha.

Mwisho, kuna hali ambazo jibu la kuandikwa halitoshi. Vifo vikizidi kumi kwa siku, au vikiendelea wakati amonia na nitriti zote zimeshuka, au ukiona vidonda, macho yaliyovimba, matumbo yaliyojaa, mwite ofisa wa uvuvi wa kaunti afike. Chuo Kikuu cha Nairobi kina kitivo cha tiba ya mifugo pale Kabete, na kituo cha serikali cha ufugaji wa samaki cha Sagana kiko Kirinyaga, safari ya kwenda na kurudi siku moja. Chukua chupa mbili za maji, moja ya tangi na nyingine ya bauza kabla haijaingia kwenye tangi, zijaze hadi juu bila kuacha hewa. Omba hayo ya bauza yapimwe floridi pia, kwa kuwa visima vingi vya upande huu vinayo nyingi, hasa kama ninyi wenyewe mnayanywa. Samaki aliyekufa tangu usiku usimbebe, ameshaanza kuoza na hataonyesha kitu. Beba wawili wanaohema juu ya maji, wakiwa hai, kwenye mfuko wenye maji ya tangi lao, pamoja na daftari lenye vipimo vya kila jioni.